Magunia Sita ya Udongo Hadi Bugarama

Nianze na ujinga wenyewe, maana nisipousema mimi mtausikia kwa dada yangu, na yeye huongeza chumvi. Nilichukua barabara ya baba yangu nikaimwaga golini.

Tangu nirudi mmeniuliza bwenini nini kilitokea likizo ya Pasaka, na kwa nini viganja vyangu viko kama vya mchimba makaburi. Basi someni, mpokezane, na daftari hili lisifike kwa mwalimu wa zamu.

Baba ni kapita, yaani msimamizi wa vibarua, kwenye barabara ya Masaka, ile njia nyekundu ambayo mvua ikinyesha inageuka sabuni. Lami hatutaiona, kwa hiyo mhandisi alikuja na dawa yake: udongo uleule uliopo unalimwa, unachanganywa na chokaa, unanyweshwa maji, unashindiliwa mpaka unakuwa mgumu kama jiwe. Watu wa Masaka hawakuamini. Waliiita barabara ya kupikwa, wakauliza italiwa na nini. Baba aliamini. Lakini kabla ya kupika lazima udongo upimwe, kwa sababu kila udongo una hamu yake ya chokaa. Mwingine unataka kidogo, mwingine unakula kama mgeni wa harusi ambaye hakualikwa.

Baba akachimba mashimo sita kwa mkono wake. Akajaza magunia sita, akayapiga namba kwa rangi nyeupe, akayaleta nyumbani kwetu Niboye yasubiri lori. La nne lilitoka kwenye mteremko wa zahanati, pale ambapo wagonjwa huteremshwa garini na kubebwa kwa machela kwa sababu gari halipandi. "Hilo la nne ndilo barabara," alisema baba. "Hayo mengine ni ndugu zake tu." Vipimo vikiwa vizuri, kazi inaanza na yeye ndiye kapita. Vikiwa vibaya, mhandisi anahamia wilaya nyingine na mashine zake, na baba anarudi kuchonga mipini ya majembe.

Siku ya Alhamisi tulikuwa na mechi na vijana wa Kicukiro. Mbele ya goli letu kulikuwa na dimbwi la kufugia bata, na kipa ni mimi. Nikaona magunia sita ya udongo mkavu yamekaa bure barazani. La nne lilikuwa karibu zaidi na mlango. Mmeshaelewa.

Jioni nikakumbuka kwamba gunia tupu halisimami. Nyuma ya choo chetu kuna kichuguu cha mchwa, chekundu vilevile. Nikakibomoa kwa jembe, nikajaza gunia, nikalifunga kwa fundo lile la baba ambalo alinifundisha mwenyewe. Nikajiambia udongo ni udongo. Hata Mungu alipotuumba hakuuliza namba ya gunia.

Kesho yake baba akaniita. Yeye hawezi kuondoka kazini, na dereva hamwamini kwa sababu hamwamini dereva yeyote. "Utakwenda nayo Bugarama kwenye tanuru za chokaa, huko ndiko yanakopimwa," akaniambia. "Usiyatoe machoni. Watu wana tabia ya kuchezea vitu."

Katika watu wote wa Kigali, akanichagua mimi.

Niboye hadi daraja la Nyabarongo

Dereva aliitwa Mzee Sefu, mtu wa Biryogo, tumbo lake linagusa usukani kwa hiyo akikata kona anavuta pumzi kwanza. Kiswahili chake ni kile cha Kigali ambacho ngeli zake zilizikwa zamani. Tandiboi wake alikuwa anaumwa, hivyo mimi ndiye niliyepewa lile jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Lori lilikwenda tupu, isipokuwa magunia yangu, ili lirudi na chokaa.

Tulikuwa hatujapita hata Gikondo alipoanza.

"Baba yako ametuma weye kuniangalia."

"Hapana, mzee. Kuangalia udongo."

"Udongo iko na miguu?"

Nikageukia dirishani. Yeye akaendelea kuniangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayeandika kichwani.

Pale Nyabarongo mnapajua. Tangu vita vianze kule kaskazini, kila daraja lina gogo na vijana wenye bunduki ambao hawajalala vizuri. Vitambulisho vikasomwa mbele, vikasomwa nyuma, nyuso zetu zikalinganishwa na picha, halafu askari mmoja akapanda juu ya lori.

"Hii nini?"

"Udongo, shefu," akasema Mzee Sefu.

"Udongo ya nini?"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiteleza. "Ni barabara, shefu. Tumeikunja tukaitia guniani."

Nyinyi mngecheka, najua. Pale hakucheka hata mmoja. Magunia yote sita yakateremshwa, yakapangwa kando ya njia kama watu wanaosubiri kuulizwa majina.

"Kigali hakuna udongo?" akauliza yule askari.

"Iko, shefu."

"Na huko mnakwenda, hakuna udongo?"

"Iko."

"Sasa iko huku, iko kule. Kwa nini mnaubeba?"

Swali lilikuwa na akili kuliko mengi ninayoulizwa shuleni. Mzee Sefu akasema unakwenda kupimwa. Askari akauliza kama udongo unaumwa. Mzee akasema ni wa kutengeneza barabara. Askari akauliza, "Barabara ya kupita nani?" na hilo halikuwa na jibu zuri, maana ungewataja watu wowote, angeuliza na wao wanakwenda wapi.

Wakaleta ufito wa chuma, wakachoma kila gunia mara tatu kutafuta kitu kigumu. Wakauliza namba zina maana gani. Moja hadi sita, sita nini? Ilipofika zamu ya gunia la nne nilisimama kwa mguu mmoja. Chuma kikaingia kikatoka, kina vumbi jekundu tu. Nikapumua, na askari akaona nimepumua, akalichoma tena.

Tulikaa pale toka saa mbili hadi jua likasimama utosini. Hatimaye akaja mkubwa wao, mtu mtaratibu mwenye miwani. Akasoma barua ya mhandisi mara tatu. Ya tatu aliishika juu dhidi ya jua kana kwamba barabara yenyewe itaonekana kwa ndani. Halafu akaamuru turuhusiwe, kwa sharti moja.

"Huyu mtoto asizungumze tena mpaka Butare."

Ni amri pekee ya jeshi niliyowahi kupewa, na niliivunja Gitarama.

Kula Gitarama, kufunga Butare

Nina kidaftari, mnakijua. Kwa kuwa nilikatazwa kusema, nikakitoa na kuanza kuchora. Kila nikiinua macho, Mzee Sefu ananitazama. Nikiandika, anapunguza mwendo. Nikifunga kidaftari, anakohoa.

Gitarama tukasimama kula. Nilitegemea muhogo, kwa sura ya safari ilivyokuwa. Nikaona inaletwa mishikaki ya mbuzi, minne, na ndizi za kuchoma, na soda baridi. Mzee akanisogezea sahani kwa mikono miwili kama mtu anayehonga chifu.

"Kula, mwanangu. Sefu haiko mtu mubaya. Nikibeba mtu moja mbili njiani, iko ni huruma. Hata dini inasema."

Nikaelewa. Alidhani ninaandika taarifa ya kumpa baba: nani kapanda, nani kashuka, lori limesimama wapi. Ningekuwa mtu mzuri ningemwambia ukweli. Nikasema tu, "Nimeona huruma yako, mzee," nikafungua ukurasa mpya mbele yake taratibu. Ikaja mishikaki miwili zaidi.

Butare kukawa na chipsi na mayai. Nilikwenda kunawa mikono nikiwa mtu mwenye heshima. Niliporudi kidaftari kilikuwa wazi mezani, na Mzee Sefu anatazama picha yake mwenyewe: tumbo limekaa kwenye usukani, lenyewe linaendesha, na yeye amelala nyuma yake. Kurasa sita za picha. Taarifa hakuna.

Hakugomba. Alivuta sahani ya chipsi upande wake, akaimaliza yote huku akinitazama. Tangu pale nililishwa viazi vitamu vya kuchemsha, vilivyopoa, na kila nilichosema aliuliza, "Hiyo ni ya kweli ao ni ya kuchora?"

Msituni

Tulilala Gikongoro, tukaingia msitu wa Nyungwe asubuhi. Sehemu kubwa ya njia ni nzuri, lakini mvua ilikuwa imeangusha kipande cha mlima, na pale palipoangukiwa palikuwa uji. Lori letu likaingia likakaa. Nyuma yetu kulikuwa na basi lililojaa, ambalo haliwezi kupita mpaka sisi tutoke.

Abiria wakashuka kusukuma. Mikono kama thelathini, hapo hapo tungetoka. Lakini mbele yao alikuwepo mama mmoja wa makamo, kitenge cha kijani, sauti ya kuongoza kwaya. Kabla ya kushika lori akachungulia ndani.

"Mnabeba nini?"

"Udongo, mama," nikasema.

"Wa wapi?"

"Kigali."

"Mnaupeleka wapi?"

"Bugarama."

Akarudi nyuma hatua moja. Akahesabu magunia kwa kidole, akasoma namba, akawageukia wenzake. "Wamechota nyayo za watu. Watu sita. Wanawapeleka kwa waganga wa huko chini."

Nisieleze sana, hata kwenu mtu akifagia nyayo za mwenzake na kuzifunga kitambaani hamumuulizi anakwenda kuzipika na nini. Mikono thelathini ikatoka kwenye lori kana kwamba bati limepata moto. Mzee Sefu akaanza kueleza habari za chokaa. Mama akamuuliza kama aliwahi kuona mtu mzima anasafiri siku mbili na udongo. Mzee akakiri hajawahi, hata yeye ni mara ya kwanza.

Mimi nikaona nichangamshe watu. Nikasema, "Namba tano ni mwalimu wangu wa hisabati."

Nilitegemea kicheko. Baba mmoja akapiga ishara ya msalaba.

"Weye," akasema Mzee Sefu kwa sauti ya chini sana, "Mungu alikupa mudomo ya nini?"

Saa ikapita. Mvua ikaanza, ikakoma. Ndipo yule mama akatoa hukumu: kama kweli ni udongo tu, kijana avue viatu, akanyage ndani ya kila gunia, mguu mtupu. Kama ni uchawi utampanda mwenyewe. Watu wakakubali, ilikuwa haki.

Nikavua. Gunia la kwanza, nikakanyaga. La pili. La tatu. Watu wakaanza kulegea, mmoja akakunja mikono ya shati tayari kwa kusukuma. Nilipofika la nne nikasita. Sikuogopa uchawi, nilimwogopa baba, ambaye alikuwa mbali lakini fundo lake lilikuwa pale linanitazama.

"Amesita," akasema mama.

Nikatumbukiza mguu upesi. Kitu kikaniuma katikati ya vidole, kwa nguvu, nikaruka juu kama mbuzi na kupiga yowe.

Watu wale sijui walipita wapi. Dakika moja barabara imejaa, dakika ya pili msitu unatikisika pande zote mbili, na mimi nimekaa kwenye matope nimeshika mguu. Mzee Sefu peke yake hakukimbia, kwa sababu ya tumbo. Akaja, akaushika mguu wangu, akabandua kitu kidoleni, akakiinua kwenye mwanga.

"Mchwa," akasema. Akakitazama sana. Akanitazama mimi. "Baba yako amechimba mita moja chini ya barabara. Mchwa ametoka wapi?"

"Labda alipanda njiani," nikasema. "Kwa huruma."

Mama wa kitenge ndiye aliyerudi wa kwanza. Alimtazama mchwa, akachungulia gunia, akaona wengine wawili watatu wanazurura, na uso ukamfunguka. Udongo wa uchawi, akawatangazia wenzake waliokuwa nyuma ya miti, unakaushwa kwa moto mpaka hakuna kinachopumua. Wachawi hawasafiri na mchwa. Wakatoka mmoja mmoja, majani vichwani, wakasukuma. Lori lilitoka kwa mara moja. Mama akanipa ndizi mbivu mbili na kuniambia nimwombe radhi mwalimu wangu wa hisabati.

Bugarama

Bugarama ni chini, ni joto, kuna mashamba ya mpunga, na ukikaribia tanuru za chokaa kila kitu ni cheupe: majani, bati, hata kuku. Upande wa nyuma kuna kibanda cha kupimia udongo, na ndani yake yumo Mzee Kalisti, mwembamba kama ufito, ana meno machache lakini mawili ya mbele ni imara. Nilikuja kujua kwa nini.

Ana mashine ndogo za kushindilia na kuvunja, lakini haanzi nazo. Anaanza na vidole. Alichukua udongo wa gunia la kwanza, akaulowesha, akausokota kama mtu anayetengeneza uzi, akaona unakatikia wapi. Akatia mwingine kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akaiacha itulie. Halafu akachukua chembe kidogo akaiweka kati ya yale meno mawili na kuuma.

"Ukisikia unalia, mchanga upo," akanieleza. "Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi mtupu. Mashine inakuja baadaye kukubali."

La kwanza akauma, akaandika. La pili, akaandika. La tatu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mfuko wa chokaa, nahesabu kuku.

La nne akauma, akatulia. Akatema. Akasukutua maji, akauma tena. Akasokota, akanusa. Kisha akaweka kalamu chini.

"Huu haukuchimbwa," akasema. "Huu ulijengwa."

Akaufikicha kiganjani, akatuonyesha.

"Ni wa kichuguu. Mchwa wameutafuna wakaujenga. Kapita wenu anaitwa nani?"

"Yusufu," akasema Mzee Sefu. "Na mimi nimetoa mchwa kwenye kidole ya huyu mutoto."

Mzee Kalisti akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa kuchoka. Akatuambia anaijua hila hii. Kapita akiona mteremko wake una udongo mbaya, analeta wa kichuguu badala yake, maana ule wa kichuguu unashikana vizuri hata kabla ya chokaa. Vipimo vinapendeza, kazi inaanza, vijana wanaajiriwa, kapita anaitwa bwana. Mvua ya kwanza inateremka na barabara yote, na lawama inaangukia chokaa.

"Nitamwandikia mhandisi," akasema. "Huyu Yusufu asimamie kitu kingine."

Akashika kalamu. Nikaiona inaandika herufi ya kwanza ya jina la baba.

"Ni mimi," nikasema. "Baba hajui. Niliumwaga ule wake nikajaza wa kichuguu. Kulikuwa na mechi."

Mzee Sefu akacheka kwa pua. "Huyu? Usimusikilize. Toka Nyabarongo hajasema neno ya kweli hata moja. Amesema amekunja barabara. Amesema amebeba mwalimu ndani ya gunia. Amenidanganya na kitabu nikamulisha mbuzi."

"Anamfunika baba yake," akasema Mzee Kalisti, na aliponitazama alinitazama vizuri, jambo lililonitesa zaidi. "Ni mtoto mwema. Lakini mimi naandika habari za udongo, siandiki mapenzi."

Jamani, nimedanganya watu wengi na wakaniamini bila taabu. Siku moja nasema kweli, na watu wazima wawili wananionea huruma kwa uongo mzuri. Nikawaza baba, mteremkoni na kijiti chake cha kupimia, anangoja karatasi. Nikawaza atakavyoisoma mara mbili bila kuelewa. Nikaanza kulia, na hilo pia mnaruhusiwa kucheka mkitaka.

Kalamu ilikuwa inaendelea. Ndipo nikakumbuka mkono wangu siku ile golini. Niliumwaga ule udongo haraka, sikulikung'uta gunia.

"Ligeuze," nikasema. "Mzee, tafadhali. Ligeuze ndani nje."

Mzee Kalisti akafikiri. Akamwaga wa kichuguu sakafuni, akaligeuza gunia, akatoa kisu kidogo. Kwenye pembe mbili za chini, ndani ya mshono, kulikuwa na udongo umegandamana. Akaukwangua kwenye karatasi. Ulijaa kiganja, haukuzidi, na ulikuwa mweusi kidogo kuliko ule mwingine. Akaulowesha na kuusokota. Ukatoka uzi mrefu kama kamba ya kiatu, haukukatika. Akauma. Meno yakateleza, niliyaona yakiteleza.

"Huu ulichimbwa," akasema polepole. "Na uliingia kwanza. Kapita mwongo haanzi kwa kutia mbaya chini." Akanigeukia. "Umetoka wapi?"

"Mteremko wa zahanati."

"Basi hii," akasema Mzee Sefu, "ndiyo neno yake ya kweli ya kwanza."

Nilidhani imekwisha, nikaanza kutabasamu. Mzee Kalisti akanizuia. Akaniambia kama angeamini kichuguu changu angeandika chokaa kidogo kwa mteremko ule. Wangeshindilia, ungependeza, wangeleta mgonjwa kwa gari kwa mara ya kwanza. "Halafu mvua," akasema. "Gari liko katikati ya kilima, na mgonjwa yuko ndani." Hakupaza sauti. Kuku mmoja mweupe alipita kati yetu, nikamtazama mpaka akatoka mlangoni.

Kiganja kimoja hakitoshi mashine. Akamaliza magunia matano kwa vidole na mashine, akaandika majibu yake, la nne akaacha wazi. Chini yake akaandika: gunia lije upya, kosa si la kapita. Akanisogezea karatasi na kalamu.

"Wewe malizia. Kosa ni la nani."

Nikaandika: ni langu, Swedi, mtoto wake. Mwandiko wangu mnaujua, lakini pale ulisomeka.

Kurudi hadi Masaka

Tulirudi na lori limejaa chokaa. Msituni hatukukwama. Butare Mzee Sefu aliagiza sahani moja ya chipsi, akaichora mstari katikati kwa kidole.

Nyabarongo alikuwa yuleyule askari.

"Mlikwenda na nyekundu," akasema akiigusa mifuko, "mmerudi na nyeupe. Huko wanafua udongo?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri sana. Nikatazama mto. Mzee Sefu akaeleza mwenyewe, na safari hii tulikaa saa moja tu.

Masaka tulimkuta baba na vijana wake wote, na mhandisi amekuja na gari lake. Karatasi ilikwenda moja kwa moja kwa mhandisi, naye ni mtu wa kusoma kwa sauti. Gunia la kwanza, chokaa kiasi hiki. La pili. La tatu. Akafika la nne akasoma mpaka kwenye jina langu, kisha akakunja karatasi na kumpa baba, kama vile mtu anavyomrudishia mwenzake kofia iliyoanguka.

Vijana wa kazi wakanitazama. Mmoja akaguna. Baba akaisoma peke yake, kidole chini ya mstari, akarudia ule wa mwisho.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa kulazimishwa?"

"Hapana."

Alinitazama kama yule askari alivyolitazama gunia, anatafuta mahali pa kuchoma. Kisha akaniletea jembe.

Shimo la nne nililichimba siku tatu. Udongo ule ni mfinyanzi kweli, unashika jembe kama unalidai. Siku ya pili nilifika mita moja, baba akaja na kijiti, akasema maji ya mvua yameingia kwenye kuta, nisogee hatua mbili nianze upya. Akajaza gunia mwenyewe. Akalifunga kwa fundo jipya, na alipolifunga alinigeuzia mgongo nisione. Gunia likalala chumbani mwake mpaka Mzee Sefu akalichukua, na jibu likaja siku mbili kabla ya shule kufunguliwa: mteremko wa zahanati unataka karibu mara mbili ya chokaa ya kule kwingine. Mhandisi akasema sawa, ipo. Baba akaitwa kapita mbele ya watu wote, nami nilikuwepo, nyuma kabisa, nimeshika ndoo ya maji.

Wakati wote huo mama hakuwa amenisemesha kitu zaidi ya njoo ule. Asubuhi ya kuja huku nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikaona si vizuri niondoke hivi hivi. Nikamweleza kila kitu toka mwanzo, gunia, kichuguu, kalamu ya Mzee Kalisti, jina langu, bila kutia mzaha hata mmoja, na mnajua hilo lilinigharimu. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza akatupa jiwe moja dogo lililokuwa kwenye maharage, akaweka ungo chini, akapiga kigoda kilichokuwa karibu naye.

Akasema, "Hiyo ni hila yako moja. Kaa hapa, tuanze na zilizobaki."